Mpaka Uliopita Katikati ya Nduma

Mimi ni wakili wa mashamba. Ofisi yangu iko mjini Nyeri, juu ya duka la dawa za mifugo, na watu wanaokaa kwenye benchi langu la nje karibu wote huletwa na jambo moja: baba amefariki, na ndugu hawasalimiani. Ni kazi ya heshima lakini haina kicheko. Ndiyo maana asubuhi ile nilipomsikia mtu akipanda ngazi huku anacheka peke yake, niliacha nilichokuwa nikiandika.

Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa nduma kutoka bonde moja la Tetu. Alikuwa amebeba mfuko wa nduma zenye matope. Aliuweka juu ya faili zangu kama aliyeleta zawadi ya harusi, akavua kofia, akaketi.

"Wakili, tumeibiwa," akasema.

"Mmeibiwa nini?"

"Jina."

Kwa msomaji wa pwani, nduma ndizo majimbi. Kwetu haziliwi na mtu aliyekosa mkate. Mkate ndio huliwa na mtu aliyekosa nduma. Lakini nduma si nduma tu. Kuna zile za maji, ambazo hata ukizichemsha nusu siku zinateleza mdomoni na kuwasha koo. Halafu kuna za bonde lile, kavu, za unga, ambazo zikiiva hupasuka zenyewe, na ndani zina vidoa vya zambarau. Mama anayejua chai yake akiuliza sokoni, "Ni za wapi?" anataka kusikia jina la bonde lile na si lingine. Sasa, mwenyekiti alieleza, kila muuzaji alikuwa amelishika jina hilo, hata wa nduma zilizosafiri siku mbili ndani ya lori. Watu walinunua, wakachemsha, zikateleza, na lawama zikapanda hadi Tetu.

"Ati mtu ananiambia kanisani nduma zetu ziliharibika," alisema, na hapo ndipo alipoacha kucheka. "Na hajawahi kula zetu! Wakili, sheria iko na dawa ya hii maneno?"

Nilimwambia iko, tena kwa sauti ya mtu anayejua. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesajili alama ya biashara mara moja tu maishani, ya mama mmoja mwoka keki hapa mjini, na keki haina mpaka wa ardhi. Alipoondoka nilifunga mlango nikasoma mpaka macho yakaniuma. Nikaelewa kwamba jina la mahali laweza kulindwa kwa kusajiliwa kama alama ya pamoja. Haiwi mali ya mtu mmoja, inakuwa ya chama, na kila mwanachama anayefuata kanuni anaruhusiwa kuitumia. Aliye nje akiitumia kuuzia nduma zake, anaweza kushtakiwa. Ofisi ya usajili huko Nairobi ingetaka fomu, ingetaka alama yenyewe, na juu ya yote ingetaka kanuni zinazosema ni nani anaruhusiwa, nduma inalimwaje, na inatoka wapi hasa.

Wiki iliyofuata mwenyekiti alirudi, tukaanza kuandika kanuni. Kuhusu kilimo alinihubiria saa nzima, nami nikaandika yote. Tukafika mahali pa "wapi".

"Mpaka wenu ni upi?" nikauliza.

"Mto mpaka mto," akajibu bila kufikiri hata kidogo. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaandika bila kuinua kichwa.

Hapa lazima nieleze, maana mtu wa tambarare hawezi kulifanya kosa hili hata akijaribu. Nchi yetu chini ya mlima imejikunja kama nguo iliyotolewa sandukuni: mgongo, mto, mgongo, mto. Mgongo mmoja wa ardhi, kati ya mto huu na mto ule, ndio kwetu. Ng'ambo ya mto ni kwa wengine. Tunaoana nao, tunawatania, mbuzi wao wanakula mahindi yetu, lakini ni wengine. Mimi mwenyewe nimezaliwa juu ya mgongo. Katika kesi zangu za mashamba nimeandika "mpaka ni mto" mara nyingi kiasi kwamba kompyuta hunimalizia sentensi. Kwa hiyo niliandika: kuanzia mto mkubwa upande mmoja hadi kijito upande wa pili. Nikaipenda kwa macho. Nilimpa mwenyekiti nakala ya rasimu, naye Jumapili akaisoma kanisani baada ya matangazo ya harambee, kwamba wakulima wote walio ndani ya mpaka huo waje wajiandikishe.

Kanisa lile linasaliwa na watu wa migongo yote miwili. Jumanne mama mmoja mkongwe alifika ofisini kwangu.

Alipanda ngazi moja moja akiwa amevaa gambuti za mpira, kitambaa kichwani, kiondo mgongoni. Karani wangu alimpa kiti, akakataa kuketi mpaka mimi niketi kwanza. Halafu akafungua kiondo, akatoa nduma zilizochemshwa, zimefungwa kwa taulo, bado zina joto.

"Kula kwanza," akasema.

Nilikula. Zilikuwa kavu, za unga, zina vidoa vya zambarau. Ningeapa mbele ya jaji kwamba ni za bonde lile. Mdomo ulikuwa bado umejaa alipoongeza kwa upole kabisa, "Wakiri, nimesikia mmenitoa kwa bonde."

Alikuwa mjane. Shamba lake liko ng'ambo ya kijito, kipande kimoja tu cha kinamasi, maana upande ule mwingine wote ni mawe na mwinuko. Kutoka nduma zake hadi nduma za mwenyekiti unaweza kurusha jiwe bila kujitahidi. Amekuwa akiuza sokoni Nyeri tangu mumewe akiwa hai, na watoto wamesoma kwa nduma hizo.

"Nikiulizwa ni za wapi, mimi nasema ile jina yetu. Niko na miaka mingi nikisema hivyo. Sasa nikisema, ati ni makosa ya kushtakiwa?"

Kwa jinsi nilivyoandika, jibu lilikuwa ndiyo. Siku alama itakaposajiliwa, mama huyu angekaa sokoni na nduma zilezile, mbele ya wateja walewale, na asiruhusiwe kusema zinatoka wapi. Niliona aibu, ile aibu ya kweli ya masikio kupata moto. Nduma yake ilikuwa mdomoni mwangu na kalamu yangu ilikuwa shingoni mwake.

"Shosho, hiyo ni rasimu tu," nikasema.

"Rasimu ni nini?"

"Ni kosa ambalo bado linaweza kufutwa."

"Haya," akasema, akifunga kiondo. "Basi kuja uone."

Nilimpigia mwenyekiti simu, naye akapandisha sauti mpaka nikaishika mbali na sikio. Huyo mama hana ubaya, alisema, lakini tukimfungulia mlango yeye, kesho ule mgongo wote utavuka. Isitoshe haraka ilihitajika, kwani kuna mtu mwingine angeweza kukimbia Nairobi na jina letu. Mimi pia si mtu wa kupandishiwa sauti. Nilimwambia wakili ni mimi, na kwamba karatasi haitoki ofisini kwangu kabla sijaona huo mpaka kwa macho yangu. Tukakata simu karibu pamoja.

Alhamisi nilishuka bondeni na gambuti za kuazima kutoka duka la chini. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Mwenyekiti alikuwa akinisubiri na fimbo na tabasamu la mtu aliyejiandaa kushinda. Mama naye alikuwa amesimama upande wake wa kijito, ameegemea jembe. Mwenyekiti akaingia kijitoni, akapanda jiwe la katikati, akanyoosha fimbo juu ya maji.

"Mpaka ndio hii," akasema. "Tangu babu zetu."

Nilitazama chini ya fimbo yake. Kushoto kwake majani ya nduma, mapana kama sinia. Kulia kwake majani ya nduma, mapana vilevile. Juu ya maji yalikuwa yamekutana, huwezi kujua lipi limetoka wapi. Hapo ndipo nilipouona ujinga wangu wote. Nduma haioti mgongoni. Mgongoni kwetu kuna chai, kahawa, mahindi na majirani. Nduma inaota majini, kwenye kingo zote mbili. Sisi watu wa migongo, tuliozoea kwamba dunia inaishia mtoni, tulikuwa tumechukua zao linaloanzia mtoni tukalipitisha mpaka katikati ya tumbo.

"Mwenyekiti," nikasema, "haya maji ni ya upande gani?"

"Maji ni ya wote," akajibu, hakuyumba. "Lakini kikundi ni yetu."

Akageuka kwa heshima zake zote kurudi kwetu, akakanyaga mahali palipoonekana pagumu, na mguu wake ukaingia matopeni hadi gotini. Akajaribu kuutoa, wa pili nao ukazama. Mimi nilimshika mkono, nikaanza kuteleza kumfuata. Mama alicheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa, halafu akamnyooshea mpini wa jembe. Upande wake alikuwa amepanga mawe, pana mahali pa kukanyaga. Akamvuta mzee wa watu mpaka ng'ambo, gambuti moja ikabaki chini.

"Karibu ng'ambo, mwarimu," akamwambia. "Na umeingia bila viza."

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge; nami nikavuka.

Alitukaribisha jikoni kwake, karibu na moto, ili mwenyekiti akaushe soksi. Chai ilikuwa tayari, na nduma pia, kwa hiyo nina shaka kama hakutegemea mambo yaende vile. Mwenyekiti alikula ya kwanza akiwa amenuna, ya pili akiwa amesahau kununa. Alipochukua ya nne aliigeuza mkononi, akaitazama ndani.

"Mama, hii mbegu ulitoa wapi?" akauliza.

"Kwa mama yako."

Mwenyekiti akaacha kutafuna.

Mama akasimulia huku akiongeza kuni. Alikuja pale akiwa bibi arusi kutoka Mukurweini, alikojua ndizi tu. Wiki yake ya kwanza, mama mzazi wa mwenyekiti alivuka kijito akiwa na mzigo wa miche mgongoni, akamwambia mwanamke hawezi kukaa karibu na maji bila nduma. Akamwonyesha jinsi ya kupanda. Miaka ikapita. Baba yake mwenyekiti akapanda mikaratusi ukingoni mwao, na mikaratusi ikanywa maji yote ya upande wao, nduma zikakauka zikaisha. Ilipokatwa na maji yakarudi, hawakuwa na mbegu hata moja.

"Akakuja tena, na kiondo tupu," akasema mama. "Nikamjazia. Hizo ndizo ziko kwako mpaka leo, na kwa wengine wote, kwa sababu mama yako alikuwa anagawa. Wewe ulikuwa college ya walimu, ungejua aje?"

Mwenyekiti alitafuna kipande kile kwa muda mrefu kuliko nduma ilivyohitaji. Nilitazama moto, maana kuna wakati mtu mzima anafaa aachwe akae na mama yake, hata kama mama alishazikwa.

"Wakili," akasema mwishowe, "andika maji."

Nikaandika maji. Palepale jikoni, juu ya goti, nilifuta "mto mpaka mto" nikaandika kwamba mahali pa alama hii ni ardhi ya kinamasi, ukingo wa huku na ukingo wa huku, inayoloweshwa na kijito kile kuanzia daraja la juu hadi maporomoko. Kwa kipimo hicho mama alikuwa ndani, na mgongo wake wote wa mawe ulikuwa nje, kwa hiyo hata hofu ya mwenyekiti ilikuwa imepata dawa. Nilirudi mjini nikiimba. Karani wangu aliniuliza kama nimeshinda kesi.

Lakini wanachama walikuwa bado. Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kanisa, na mwenyekiti alikuwa amewalainisha mapema. Walikubali mama aingie, lakini waliomba kanuni moja iongezwe. Nikaiongeza bila kuwaza sana, kwani nilitaka sahihi zao kabla hawajabadilisha mawazo. Nikasimama kusoma kanuni zote kwa sauti. Nilipofika kwenye ile mpya, kwamba mwanachama hataruhusiwa kumpa mche mtu asiye mwanachama, mama akainua mkono.

"Hiyo mimi siwezi," akasema.

Ukumbi ukavuma. Mtu mmoja nyuma akasema tunalinda mali yetu, mama, wezi wakipata mbegu tumekwisha. Mama akangoja wamalize.

"Mimi nilikuja hapa sina kitu, nikapewa. Mtu akikuja kwangu kuomba mche nimwambie ati karatasi imekataa? Hapana. Mniache nje. Nitauza hivyo tu, nisiseme ni za wapi."

Na akaanza kuchukua kiondo chake.

Nina hasira za karibu. Mume wangu husema huwa zinafika mlangoni kabla yangu. Siku ile zilipanda, na nilipotafuta wa kumkasirikia nikamkuta ni mimi. Nilikuwa nimeshatoka kumwandika mama huyu nje ya bonde lake mara moja, na sasa nilikuwa nimemwandika nje mara ya pili, safari hii kwa uvivu.

"Keti, shosho," nikasema, kwa sauti iliyowafanya watu kumi wengine waketi. "Nyinyi nyote, nisikilizeni. Hii sheria hailindi mche. Inalinda jina. Mche wenu unaweza kupandwa Mwea kando ya mpunga, unaweza kupandwa Mombasa, na hakuna kosa. Kosa ni yule wa Mombasa kuchimba nduma yake na kusema imetoka hapa. Mche unaweza kupanda basi ukaenda. Bonde haliwezi. Sasa mnamnyima nani nini?"

Halafu mwenyekiti akasimama na fimbo yake. Nilidhani atanipinga, nikajiandaa.

"Futa hiyo kitu," akasema. "Kama mama yangu angekuwa na hiyo kanuni, sisi wote hapa tungekuwa tunakula mkate."

Walicheka, na kicheko kilipoisha kanuni ilikuwa imekufa. Niliikata mistari miwili ili iwe imekufa kabisa. Mama akaja mezani, akashika kalamu kwa vidole vyote, akaandika jina lake herufi moja moja, kubwa, zikatoka nje ya kisanduku zikaingia kwa jirani. Hakuna aliyelalamika.

Tulipeleka maombi. Yakakubaliwa kutangazwa, na kwa siku sitini mtu yeyote nchini angeweza kuja kupinga. Nilizihesabu kama mwanamke mjamzito. Hakuja mtu. Cheti kilipofika mwenyekiti alipanda ngazi zangu akicheka kuliko mara ya kwanza, na nakala yake sasa imetundikwa ukumbini. Mama anauza sokoni kama zamani, na kwenye kila fungu lake kuna kibandiko chenye alama. Husema jina kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika.

Siku ile ya sahihi, nilipokuwa nafunga faili, aliniuliza kama nyumbani kwangu kuna mahali pa maji. Nikamwambia naishi kwenye fleti, ghorofa ya tatu. Akasema hata beseni ni maji, akanipa miche mitatu iliyofungwa kwa ganda la mgomba. Niliipanda kwenye beseni kubwa la kufulia, kwenye roshani. Imestawi, majani yanamzuia jirani kuona televisheni yangu, jambo ambalo nalishukuru.

Mwezi huu nimevuna. Zilikuwa ndogo, lakini zilipasuka vizuri, na vidoa vilikuwapo. Niliwaandalia wageni kwa chai. Rafiki yangu mmoja aliuma, akafumba macho, akasema, "Hizi ni za lile bonde, sindio?"

Mche ni uleule. Mkono ulionipa ni uleule. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema ndiyo, nikakumbuka kanuni ziliandikwa na nani.

"Ni za beseni," nikasema.

Walicheka sana, na mimi nikacheka nao, lakini lile jina nililolimeza lilinikaa kooni vibaya kuliko nduma ya maji. Kwangu ilikuwa siku moja, mbele ya marafiki, juu ya nduma tano. Kwa rasimu ile ya kwanza, mama yule ningemfanya alimeze kila siku ya soko, mpaka afe, na ningekuwa nimemwandikia kwa mwandiko mzuri.